Siku Nilipomuua Mama Nafula kwa Kompyuta

Mpaka leo nikikutana na mtu wa Bungoma huwa namchungulia kwanza usoni, nijue kama alikuwa mmoja wa waliolia siku ile. Asubuhi yake nilitoka Kitale bila mpango, kompyuta mgongoni (shule niliacha mapema, lakini kudadisi vitu sijaacha), nikajiambia nitapitia Bungoma nikaonyeshe chama cha kuzikana ile tovuti niliyokuwa nawatengenezea, ingawa hakuna aliyeniita.

Kazi ya tovuti ilikuwa hivi: mwanachama akifariki, ujumbe unakwenda kwenye simu za wenzake wote, nao waje na kuni, unga na kuku. Mimi nilikuwa nimeiandikia majaribio, yaani maandishi mafupi yanayoiendesha tovuti yenyewe na kuangalia kama inafanya kazi. Kila jaribio lilihitaji mwanachama wa kuchezea, nami nilichoka kumsajili upya kila mara, kwa hiyo nikaweka usajili huo katika faili moja ambalo majaribio yote yanaliazima. Jina nilipewa na Mama Nafula, mweka hazina wa chama. "Tumia langu, mwanangu," aliniambia, "si ni kujiandikisha tu?" Na kweli ilikuwa kujiandikisha tu, hadi nilipoandika majaribio ya vifo, nayo yakaazima faili lile lile, na mimi sikukumbuka ndani yake mna nani. Kitale kosa hilo halikuonekana, maana huko kompyuta yangu haikuunganishwa na simu yoyote.

Ofisini Bungoma niliiunganisha na simu ya chama, na namba za wanachama wote zilikuwa zimeshaingizwa. Kamati ilikuwa inakunywa chai.

"Sasa kijana, hii kitu inafanya ama haifanyi?" akauliza mwenyekiti.

Badala ya kueleza, nikasema, "Ngojeni mjionee," nikaendesha majaribio yote kwa mpigo.

Simu ya mwenyekiti ikalia, ya jirani yake ikafuata, kisha chumba kizima, na kila jaribio la kifo lilipofika likamuua mama wa watu upya, huku kompyuta ikiniwekea alama za kijani, ati kila kitu kiko sawa. Mwenyekiti akasoma, akamtazama aliyeketi mbele yake.

"Nafula, uko?"

"Niko."

"Hapa wanasema umetuacha."

Mtu mmoja akacheka, akakatiza. Kwetu kifo cha mtu aliye hai hakitajwi hivyo. Kutoka sokoni tukasikia mwanamke akipiga ukemi wa msiba, na Mama Nafula akaweka kikombe chini polepole sana.

"Kaka yangu kule Misikhu pia ni mwanachama, na ako na presha," akasema.

Tulituma ujumbe wa kukanusha, tukampigia kaka yake, Mzee Simiyu, lakini simu yake ilikuwa imezimika. Mama Nafula mwenyewe hakuweza kuondoka, maana watu walishaanza kufika na kuni na ilibidi aketi pale wamwone. "Wewe ndiye uliniua," akaniambia, "wewe ndiye utaenda kusema niko hai."

Kufika kwa mzee huko Misikhu nilikuta moto umewashwa, viti vya kuazima vimepangwa, na mzee kwenye kigoda, mkono kifuani.

"Mzee, Mama Nafula hajafa."

"Nani amekutuma?"

"Yeye mwenyewe."

"Marehemu amekutuma?"

Nikaeleza kwamba ni kosa la kompyuta. "Kompyuta iliona wapi dada yangu akikufa?" akauliza. Nikakiri kwamba haikuona, ni mimi niliyeiandikia. Nikampigia Mama Nafula, mzee akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Sauti ni kama yake. Lakini si alikufa kwa simu? Mimi simu siamini tena. Utalala hapa. Kesho tutaenda na wewe, nikimkuta tutakula pamoja. Nisipomkuta…"

Wakanitandikia mkeka jikoni. Hapo ndipo nilipoapa kwamba kila jaribio langu litamuumba mtu wake lenyewe, papo hapo, kwa jina ambalo hakuna aliyezaliwa nalo, na kwamba sitaazimisha faili kabla ya kufungua na kuangalia nani anaishi ndani. Nje wanawake waliendelea kulia, ila kwa sauti ya chini, kwa tahadhari, maana walikuwa bado hawajamwona Mama Nafula kwa macho.