Paa Nililomfungia Dada Yangu Ruiru

Mama ndiye aliyenituma. Dada yangu Rasoa alikuwa ameandika barua kwamba yeye na mumewe Yohana wamepata pa kukaa karibu na Ruiru, mahali penye hewa nyingi, wakingojea chumba kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, huko Thika anakofanya kazi Yohana. Mama akanitazama. "Nenda ukaone hiyo hewa," akasema. Mimi ni fundi wa kuezeka, na kwetu Maragoli ndugu hawezi kulala kwa dada yake kisha akaondoka nyumba ikivuja.

Kutoka Kisumu nilisafiri daraja la tatu, kuku wa zawadi miguuni. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na stesheni ya Ruiru askari walipekua kila mzigo.

"Kisu cha nini hiki?"

"Cha kuezekea, afande."

"Utaezeka na vidole," akasema, akakiweka kwenye sanduku lake.

Jioni Yohana alinipeleka hadi uwanja wa serikali kando ya reli. Salaale! Vijiti, madebe yaliyopasuliwa, watu. Nyumba ya dada yangu ilikuwa na ukuta wa madebe unaonifika kifuani, na juu magunia yaliyotandazwa tu, hata kamba moja hakuna. Mvua ikanyesha, maji yakamwagikia mtoto. Rasoa akacheka, akasema, "Hewa si umeiona?" Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na Yohana, nikijiuliza mwanamume gani anashindwa kufunga gunia.

Saa kumi na moja alfajiri uwanja mzima ulikuwa umeshusha magunia na kuyakunja. Nikadhani wanayaanika kwa sababu ya mvua. Yohana akashika njia ya Thika, Rasoa akambeba mtoto kwenda kuchuma kahawa. "Kaka, wewe ni mgeni," aliniambia. "Pumzika tu, usijisumbue na kitu."

Mgeni gani? Niling'oa nyasi kando ya mto, nikazipanga juu ya vijiti, nikatandika magunia, nikayashona na kufunga kwa kamba ya katani fundo baada ya fundo, lile fundo letu ambalo upepo wa ziwa haulifungui. Kufikia saa nne paa lilikuwa limesimama, peke yake uwanja mzima. Nikarudi nyuma kulitazama, nikajisifu.

Jirani, Mama Mutua, mama Mkamba asiyeweza kwenda kazini kwa sababu ya maumivu ya miguu, akatoka akashika kichwa. "Wee baba! Umefanya nini? Shusha! Shusha haraka!"

"Kwa nini nishushe?"

"Hawakukuambia? Uwanja huu ni wa kulala tu, na kwa kibali! Paa likikutwa juu mchana, hiyo ni nyumba, na kujenga nyumba hapa ni marufuku!"

Nilirukia mafundo yangu. Kamba ilikuwa mbichi, imekaza. Nilivuta kwa vidole, nikauma kwa meno hadi ufizi ukatoka damu. Kisu kiko stesheni! Karani wa vibali akafika na askari wawili, akanikuta nikining'inia kwenye paa langu mwenyewe.

"Kazi safi," akasema, bila mzaha. Akaandika namba ya kibali cha Yohana, akasema kibali kimefutwa. Akaamuru watoke kabla ya saa kumi jioni.

Nilikimbia barabarani, nikadandia lori hadi Thika. Kwenye ofisi ya vibali nilipiga magoti, nikasema kosa ni langu, sikujua, mimi ni mgeni. Mzee wa kaunta akaniambia taratibu kwamba aliyefutiwa kibali hufutwa pia kwenye orodha ya landhi. Mungu wangu! Miezi minane walikuwa wameshusha paa kila alfajiri, na mimi nimewamaliza kwa asubuhi moja.

Niliporudi, Rasoa alikuwa ameketi ndani, chini ya paa, akimnyonyesha mtoto.

"Kwa nini hukuniambia?" nikalia.

"Ningeanzaje, kaka? Niliona aibu." Akaegemea ukuta. "Keti. Tuna saa moja. Tangu tuje hapa sijawahi kukaa mchana kwenye kivuli cha nyumba yangu."

Nikaketi. Tulikaa kivulini mpaka askari walipokuja na panga.

Kesho yake, stesheni, Yohana alituaga. Yeye alikuwa amepata kona kwenye chumba cha makapera, mahali ambapo mke haruhusiwi. Nilimngoja anitukane. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Shemeji, ulifanya vizuri," akasema. "Mimi nilitamani kulifunga siku zote." Hapo ndipo nilipolia mbele ya watu.

Siku hizi nikifika kwa mtu sisogezi hata kigoda kabla ya kuuliza. Rasoa yuko kwetu Maragoli, na mumewe bado yuko Thika. Mtoto ameanza kutembea, na ananiita mimi baba.