Kidole Changu Kilivyoniumbua

Simlaumu mtu, mdomo wangu ndio ulioniponza. Mimi mhudumu wa afya niliwakusanya akina mama wa Ipyana wanaotaka kupungua, uani kwa Mama Atupele. Nikawafundisha kwamba sukari isiyotumika mwilini hugeuka mafuta ya tumbo, kwa hiyo wakipasua kakao wasinyonye ule ute mtamu wa mbegu.

"Mimi nimeacha kabisa," nikajigamba, nikajitoboa kidole niwaonyeshe kwa kipimo cha sukari.

Kipimo kikasoma ishirini na sita, sukari ya kumlaza mtu wodini! Nikaomba kiti, nikaanza kutoa wosia.

Mama Atupele akanishika mkono, akaunusa.

"Ndaga fijo, asante sana kwa somo, baba," akasema. "Hufi. Kanawe tu hiyo kakao uliyokuwa ukiinyonya nyuma ya nyumba yangu."