Mkono Uliomshika Vunjajungu

Mtaani walimwita Mama Vyombo, maana mwenye shughuli hakuwa na pa kukodi sahani ila kwake. Chumba chake cha mbele kilijaa makreti hadi dirishani. Ukitaka kupita, unapita kiubavu. Kwa vyombo vyake hakuwa na mchezo, na alichokiogopa kuliko vyote ni vunjajungu. Tangu utotoni aliambiwa kwamba anayemgusa mdudu yule wa kijani, anayekunja mikono kama anaomba dua, atavunja kila chombo atakachoshika.

Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, hakukua na habari hizo. Asubuhi moja wakipanga vyombo vya harusi, alimkuta vunjajungu kwenye pazia, akamchukua taratibu kiganjani, akamtoa nje.

"Umemshika?" Mama Vyombo aliuliza.

"Nimemtoa tu, mama, asije akakanyagwa."

"Basi leo usiguse sahani. Kunja vitambaa."

Binti alicheka, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akakaa kukunja vitambaa.

Walipofika ukumbini, dereva wa pikapu aliinua kreti la bakuli, kitako kikaachia. Bakuli zote chini. Wapishi waliacha miko yao wakaja kutazama. Mama Vyombo akamgeukia mkwewe, aliyekuwa mlangoni na vitambaa vyake.

"Mnamwona huyu? Nilimkataza. Ana mkono wa nuksi, na nuksi yenyewe ameniletea ndani kwangu."

Binti aliinama, akaanza kuokota vigae.

Dereva alijikuna kichwa. "Samahani, mama. Hili si ndilo nililokwambia juzi kwamba limeoza kitako? Ukasema utalifunga kamba. Kamba yako hii hapa, imekatika."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Wapishi walirudi kwenye masufuria yao. Mama Vyombo alijificha shughuli nzima nyuma ya masufuria, na kila mkwewe alipopita na kidole kilichokatwa na kigae, alijitia anapangusa vijiko.

Nyumbani binti hakubadilika. Aliamkia, alitenga chai, ila chumba cha vyombo hakukanyaga tena. Adabu hiyo ilimchoma mama mkwe kuliko matusi.

Mwishowe alimwomba waende pamoja kwa wapishi wale wale. Akasimama mbele yao, jasho likimtoka.

"Siku ile nilimsingizia mkwe wangu. Nilijua kreti ni bovu. Nilimsingizia mdudu, kisha nikamsingizia yeye."

Wapishi walimtazama binti.

"Nimesikia, mama," alisema. "Nitakusaidia tena. Ila siku ukiwa na neno juu yangu, niambie nyumbani."

"Nitakwambia nyumbani," alijibu Mama Vyombo, macho chini, na hakuyainua mpaka mpishi mmoja alipomsogezea kiti.