Nilimnunulia Baba earbuds feki mtandaoni, na wiki tatu nzima "zikafanya kazi"

Wakuu, habari za huko mliko.

Naleta kisa changu mwenyewe, si cha rafiki wa rafiki. Wahusika wote ni wazima, na mmoja amekaa hapa karibu yangu anachambua maharage. Atakayesema hii ni chai, basi aje na mandazi yake.

Mimi ni mwanamke, Mrundi, fundi cherehani hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kiswahili changu nilikiokota Tanzania tulipoishi kambini kwanza, kwa hiyo kikiyumba mnivumilie.

Baba yangu ni katekista. Watu wote wanamwita Mwalimu Pontien. Alianza kufundisha katekisimu Burundi kabla mimi sijazaliwa, akafundisha Tanzania, anafundisha hapa. Tumehama mara ngapi, vitu vingapi vimebaki njiani, lakini ile kazi haijawahi kumtoka mkononi.

Sasa mwaka jana masikio yakaanza kumgomea.

Yeye hakubali. Ukimwambia husikii, anakujibu kuwa watu wa siku hizi wanaongea na midomo yao wenyewe. Mtu akimwita njiani anapita moja kwa moja, halafu jioni analalamika kwamba hakuna anayemsalimia.

Kilichoharibu mambo ni siku moja darasani. Alimuuliza mtoto, katika Mungu kuna Nafsi ngapi? Mtoto akajibu, "Saba." Baba akasema, "Vizuri sana, kaa."

Watoto walicheka mpaka habari ikafika kwa Padri. Padri ni mtu mpole, hakugomba. Alisema tu kwamba mwaka huu, kabla ya kipaimara, mtoto mmoja mmoja ataulizwa mbele yake, na katekista atakuwepo kusikiliza na kusahihisha. Kama Mwalimu Pontien ataona ni kazi nzito, kuna kijana anaweza kumpokea.

Baba alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu miguuni. Wakuu, niliogopa. Nilijua wakimtoa pale atakaa hivyo hivyo siku zote.

Basi nikaingia mtandaoni. Nikasoma kwamba kuna earbuds zisizo na waya ambazo si za muziki tu, zina maikrofoni kwa nje zinazochukua sauti za watu na kuzikuza ndani ya sikio. Mtu mwenye usikivu hafifu zinamsaidia. Bei yake sasa! Nikafunga simu nikaendelea kushona.

Simu nayo kumbe ilikuwa imesikia kilio changu. Siku ya pili tangazo likaja lenyewe: earbuds zile zile, bei nusu, mwisho leo.

Mwisho leo. Hapo ndipo akili zinapoondokaga.

Na mimi si mjinga kivile, niliuliza maswali. Muuzaji alinitumia picha ya boksi lenye namba ya serial, nikaiingiza kwenye tovuti ya kampuni, ikakubali. Nikalipa. Mzigo ukaja na basi mpaka Mbarara, nikaupokea pale mtaa wa Kakoba nilipoenda kununua vitambaa. Nikaunganisha na simu yangu pale pale barabarani, picha ya earbuds ikatokea kwenye kioo na asilimia za chaji. Ningekuwa na shaka ya nini?

Baba alivivaa vile vidude Jumamosi, akaenda darasani.

Akarudi anatembea kama kijana! "Mwanangu, nimewasikia wote," aliniambia. "Hata wale wa nyuma." (Nyumbani tunaongea Kirundi, nawawekea kwa Kiswahili.)

Majirani wakimsalimia anaitika. Sokoni anabishana bei. Kwa wiki tatu nilikuwa najisifu peke yangu kwenye cherehani, nikajiona daktari.

Halafu ikaja siku ya kuungama.

Alimaliza kuungama mapema lakini hakuja nyumbani. Nilimfuata kanisani, nikamkuta amebaki kwenye benchi la nyuma na rozari mkononi, anasali, anasali. Nikasubiri. Akamaliza, akaanza tena Fumbo la kwanza.

Tukiwa njiani nikamtania kwa ile sauti ya juu tuliyozoea nyumbani, "Baba, ulitenda nini wewe mpaka Padri akupe malipizi yote hayo?"

Akaitia rozari mfukoni. Kisha akasema, "Sijui amenipa nini. Sikusikia. Nikaona nisali rozari nzima, ili hata kama ni nyingi zitoshe."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma kutoka. Nikamuuliza, ni leo tu? Akasema kila mara, tangu mwaka jana. Na leo alikuwa amevivaa.

Hapo nikaanza kuhesabu. Darasani anasikia, sokoni anasikia, kwa Padri hasikii. Kifaa gani hiki kinachochagua watu?

Tulipofika nikamwomba vile vidude, nikaviweka kwenye masikio yangu mimi niliye mzima. Nikamwambia jirani yetu, Mama Furaha, aongee nami taratibu kama tunavyoongea siku zote. Wakuu, ni kama mtu ameniziba masikio kwa vitambaa. Nilisikia kidogo kuliko nikiwa sina kitu.

Mama Furaha ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza mikate jirani na kanisa. Nikavivua, nikamuuliza, mbona basi Baba anakusikia wewe?

Akanishangaa. "We dada, si Mwalimu iko anasikilizaka muziki mu bile bintu? Tunamupigiaka makelele juu asikie. Na batoto bote mu katekisimu banafanyaka vile."

Mmeelewa lakini?

Watu walikuwa wanaona mzee ana vidude masikioni, wanadhani anapiga muziki, kwa hiyo wanampigia kelele. Watoto darasani wanajibu kwa kupaza sauti. Muuza nyanya anampazia sauti. Mtu mmoja tu ndiye asiyeweza kupaza, naye ni Padri kwenye kitubio, maana foleni ya wenye dhambi iko hatua tatu nyuma wametega masikio.

Nikavifunga vile vidude kwenye kitambaa.

Jumatatu nikapanda gari la Mbarara. Kakoba kuna fundi simu mmoja, amekulia kambi ya jeshi pale Makenke, ndiyo maana Kiswahili chake kinatoka kama amri. Alivipima mkononi tu, vikawa vyepesi. Akavaa kimoja, akabonyeza muda mrefu. Sauti ikamwambia kwa Kiingereza kwamba mode imebadilika, sasa inakuza sauti za nje, lakini kelele za boda boda za nje zikabaki vile vile.

Nikamtetea muuzaji, mnaamini? Nikasema, mbona namba ya serial ilikubali? Mbona picha ilitokea kwenye simu?

"Namba wanakopi ya mtu, nyabo, mama. Na hiyo picha ata feki inaleta." Akachukua sindano, akaigusisha pale kwenye kitundu cheusi cha nje, pale inapotakiwa kuwa maikrofoni. Sindano haikuingia. Akakwangua. Weusi ukatoka.

"Ona. Hii hapana tundu. Hii ni rangi."

Wakuu, sikio lilikuwa limechorwa.

Nilimpigia muuzaji pale pale dukani. Akasema mtandao unasumbua, kisha akanila block. Ukurasa wake jioni haukuwepo. Fundi alikataa hata kunitoza, akanipa pole na soda. Ile soda niliinywa machozi yakinitoka, wala sioni aibu kusema.

Njia nzima ya kurudi nikawa nawaza. Siku ya maswali ilikuwa Jumapili ya wiki ile ile. Nikimwambia Baba, atavunjika moyo wiki hiyo hiyo. Nikinyamaza, ataingia mbele ya Padri na masikio ya rangi, Padri ataongea kwa upole wake, na watoto mbele ya Padri watajibu kwa adabu, yaani kwa kunong'ona. Itakuwa "saba" nyingine, safari hii mbele ya wazazi.

Nikamwambia. Nilianza kwa kuomba msamaha mpaka akachoka, akaniuliza nimeua nani.

Nilipomaliza kueleza alivigeuzageuza vile vidude kiganjani. Nikangoja hasira. Akasema tu, "Kwa hiyo waliokuwa wananisaidia ni watoto."

Kisha akavirudisha kwenye kiboksi chake, akakifunga vizuri, akanipa.

Jumamosi alienda darasani bila kitu masikioni. Nilimfuata, nikasimama dirishani. Aliwaambia watoto: "Masikio yangu yamechoka. Nilikuwa naona haya kuwaambia. Naomba mniongeleshe kama mlivyozoea." Mwaka mzima tulikuwa tunalisubiri neno hilo, akalisema kwa dakika moja mbele ya watoto.

Jumapili kanisa lilijaa. Padri akamuita wa kwanza, binti mmoja, akamuuliza kwa ile sauti yake laini. Yule binti hakumtazama Padri hata kidogo. Akamgeukia Baba, akavuta pumzi, akajibu kwa sauti ya kuita ng'ombe aliyevuka kilima. Padri akarudi nyuma hatua moja! Wazazi wakaanza kucheka, na wa pili akaja akapaza kumshinda wa kwanza.

Akafika yule wa "saba". Safari hii akaulizwa sakramenti ni ngapi. Akapaza, "SAKRAMENTI NI TATU!"

Baba akainua kidole. "Hapana, mwanangu. Sakramenti ni saba. Tatu ni Nafsi za Mungu. Rudia."

Alisikia, wakuu. Mimi nililia kwa mara ya pili wiki ile. Padri alipomaliza alimshika Baba bega, akasema mbele ya wote kwamba Mwalimu anaendelea. Alilisema kwa nguvu, maana naye alikuwa amejifunza.

Sasa mafunzo, maana najua wengine mmekuja kutafuta hayo tu. Serial kukubali si ushahidi, wala picha kutokea kwenye simu. Vaa, badilisha mode, usikilize kama dunia ya nje inabadilika. Angalia vitundu kwa mwanga, ni wavu au ni rangi? Na usilipe kabla ya kushika. Rahisi ni ghali, wahenga walishasema, mimi nikaona wananiwekea kiwingu.

Lingine si la earbuds. Kama una mzazi asiyesikia vizuri, kabla hujakimbilia ofa, mwombe akubali, kisha waombe watu wapaze sauti. Baadaye mtafute hospitali ya kumpima. Sisi ndiyo tunaanza kuitafuta. Aliyewahi kumpimisha mzazi masikio huku Mbarara anielekeze, nitashukuru sana.

Siku hizi Padri anamwungamisha Baba nje, wanatembea wawili mpaka kwenye migomba ambako hakuna foleni. Wiki iliyopita alirudi nyumbani mapema mno. Nikamuuliza leo amepewa malipizi gani.

"Salamu Maria tatu," akasema, huku amekunja uso. "Tatu! Na nimemuuliza, akasema ndizo anazonipa siku zote. Zile rozari zote zilizozidi nimewawekea wewe na yule muuzaji."

Uwanja ni wenu wakuu, semeni. Ila semeni kwa nguvu, mzee ananiomba nimsomee kila comment.