Gari langu lilivyompigia magoti mama mkwe, Buswelu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninayoyasimulia yamenitokea mwenyewe. Mke wangu Kabula ni shahidi, ingawa kila akijaribu kutoa ushahidi anaishia kucheka.

Nina basi dogo la zamani nililoligeuza nyumba ya kusafiria: kitanda, jiko, meza ya kusomea. Halina springi za chuma. Ni air suspension, yaani bodi imekalia mabaluni ya mpira mnene yaliyojaa upepo, na upepo huo hutoka kwenye kompresa inayozungushwa na injini.

Juzi tulikwenda Buswelu kumchukua mama mkwe. Dada yake anaishi ng'ambo ya ziwa, kule Kamanga, na hawajaonana tangu magoti ya mama yalipogoma. Jioni ile aliitazama ngazi ya mlango wa gari, akaguna.

"Mkwe, hapo sipandi."

Nilinyong'onyea. Ukweni kwetu mkwe hamshiki mama mkwe, hata kwa nia njema, na Kabula peke yake hamwezi. Tulilala ndani ya gari nikiamini safari imekufa.

Asubuhi niliamka miguu ikiwa juu kuliko kichwa. Nje, mama alikuwa anacheka.

Upepo ulikuwa umevuja upande wa mbele, gari limeinama, ngazi inakaribia kugusa nyasi. Mama alisimama na fimbo yake.

"Kabula, njoo uone! Limenipigia magoti. Hili limelelewa, siyo kama wanao!"

Akapanda. Peke yake, wakuu!

Nikawasha injini. Hapa wasioujua mfumo huu wanifuate polepole. Kompresa huvuta hewa ya nje, huipitisha kwenye kikaushio kinachoondoa unyevu, kisha huijaza mitungini. Lakini ipo valvu inayogawa chakula kwa heshima: breki hula kwanza, mabaluni husubiri. Ni busara, kwa sababu gari lililoinama huchekesha, lisilo na breki huua.

Kwa hiyo king'ora cha kuonya upepo haba kikalia, mshale wa geji ukaanza kupanda, na gari likabaki limeinama vilevile.

"Mbona haliinuki?" mama akauliza.

"Linajaza upepo, mama."

"Upepo? Na ziwa lote lile, linakosa upepo?"

Kabula akaanguka kitandani kwa kicheko. Mama akatafakari, kisha akajipiga paja.

"Ah! Kosa ni langu. Limepiga magoti tangu alfajiri na sijaliitikia." Akagonga dashibodi taratibu kwa fimbo. "Marahaba, mwanangu. Inuka."

Naapa, breki zilishiba wakati uleule. Upepo ukaingia mabaluni, pua ikapanda, mama akapanda nayo akipiga vigelegele. Bodi ilipofikia kimo chake, kijiti kinachoipima kikafunga njia ya upepo, nasi tukatulia sawasawa. Mimi na shahada yangu nilikuwa napiga makofi kama mtoto.

Kivukoni nikabonyeza swichi ya kuinua zaidi, mkia usikwaruze njia ya kupandia. Tukapita bila hata mchubuko.

Ng'ambo, dada mtu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake. Nikataka kufungua mlango. Mama akanizuia.

"Subiri, mkwe. Kwanza limsalimie dada."

Nikabonyeza swichi ya kushusha, ambayo jioni ile ya ngazi haikunijia akilini kabisa. Pssshhh! Gari likainama mbele ya yule bibi, naye akabaki mdomo wazi.

"Dada, itikia!" mama akapaza sauti kutoka ndani. "Ukinyamaza, halitainuka kunirudisha!"

"Marahaba! Marahaba!" bibi akajibu huku akilia na kucheka. Mama akashuka kwa miguu yake mwenyewe, wakakumbatiana mpaka kigoda kikapinduka.

Funzo langu: kabla hujaliita jambo hitilafu, tazama kwanza limemrahisishia nani maisha. Na breki zishibe kwanza, siku zote.

Povu la sabuni limeshanionyesha kiungo kinachovuja. Nasema kizibwe, swichi ya kushusha inatosha. Mama mkwe amekataza: anasema adabu ya kubonyezewa siyo adabu. Wenye magari ya upepo, nisaidieni: mkwe hujibu nini hapo?