Tarishi Aomba Radhi Bungeni

Mzee Upepo hakai. Ukimpa kiti anakushukuru, anakizunguka mara moja kama mtu anayekagua tairi, kisha anakiegemea kwa kiganja na kuendelea kusimama. Mke wake alishazoea. Chai ya mumewe huiweka juu ya kabati la vyombo badala ya mezani, maana huko ndiko mkono wa mpita njia unakofika.

Miguu hiyo ilifundishwa na kazi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi: anachukua faili masijala, anapanda nalo kwa mkurugenzi, anashuka na jingine, anavuka ua kwa mhasibu, anarudi. Jina la Upepo alipewa na makarani, kwa kuwa mlango ulifunguka ukafungika, faili likawa mezani, na aliyelileta hujamwona. Ndani ya mafaili yale mlikuwa na mambo ya watu, waliopandishwa vyeo na waliofukuzwa, nyumba za kubomolewa na barabara za kujengwa. Hakufungua hata moja. Alikuwa na maneno yake machache tu, na aliyasema kila mlangoni, kwa mkubwa na mdogo: "Ni hilo tu, mkuu. Samahani kwa usumbufu." Kisha huyoo, kashatoka.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyeingia bungeni.

Si bunge lenyewe, lile la viapo na magari meusi. Hili lilikuwa bunge la mazoezi, katika ukumbi wa maktaba, kila Alhamisi asubuhi kwa wiki kumi. Wazee arobaini walifundishwa na wakili mmoja, binti mwenye sauti ndogo na subira kubwa, jinsi sheria inavyotungwa na jinsi raia anavyolisukuma jambo lake mpaka lisikike. Spika alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miwani ya kamba, ambaye kunyamazisha watu hakuhitaji kufundishwa. Humo kila mtu aliitwa Mheshimiwa. "Mheshimiwa, sogea kidogo." "Mheshimiwa, umekalia dawa zangu."

Alhamisi ya kumi ndiyo iliyokuwa na uzito. Miswada mitatu ingejadiliwa, na ule ambao ungepata kura nyingi ungepelekwa kweli kwa kamati ya ujenzi ya halmashauri, mbele ya madiwani wa kweli. Muswada wa kwanza kwenye orodha ulikuwa wa Mzee Upepo. Ulihusu daraja.

Mbele ya nyumba yake pana barabara ya njia sita. Zamani palikuwa na kivuko cha mistari myeupe, mtu anainua mkono, magari yanasimama, anapita na salamu zake. Barabara ilipopanuliwa mistari ikakwanguliwa, katikati ukawekwa uzio wa chuma, na juu likajengwa daraja la watembea kwa miguu. Daraja zuri, lina paa. Lina ngazi sitini na nne za kupanda, na za kushuka nazo ni zizo hizo.

Magoti ya mkewe yaligoma ngazi ya kumi na moja. Na ng'ambo ya pili, kwenye nyumba ya bati la buluu unayoiona ukiwa mlangoni, amelala mdogo wa mkewe wa kuzaliwa naye tumbo moja, aliyevunjika nyonga. Wanawe wako kazini kutwa. Kabla ya daraja, dada mtu alikuwa akivuka mchana, akimgeuza, akimlisha, akimsuka. Sasa, kwenda kwa gari ni kuzunguka mpaka kule stendi na kurudi, asubuhi nzima imekwisha, na miezi saba wameonana mara mbili. Kilichobaki ni simu, kila mmoja kwenye dirisha lake.

"Leo umevaa lile gauni la kijani."

"Nyamaza! Na macho yako hayo utaona kijani?"

"Nimeona linakubana."

Wakicheka hivyo, mzee alitulia kidogo. Lakini siku moja alirudi kutoka dukani akakuta mlango wazi na kiti cha mkewe kitupu. Akatoka mbio. Alimkuta barabarani, kwenye uzio wa katikati, mahali vijana walipokunja vyuma wakapata tundu la kupenya. Njia tatu alikuwa ameshazivuka. Kichwa na fimbo vilikuwa upande wa pili, mgongo upande wa huku, na malori yanapita yakivuma.

"Mama watoto! Unafanya nini hapo?"

"Navuka."

"Na malori haya?"

"Yana breki."

Alimrudisha hatua kwa hatua, mkono juu, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Nyumbani bibie aliketi, akafuta fimbo yake, akasema bila hasira yoyote, "Baba, nakupa mpaka hilo bunge lenu lifungwe. Likifungwa bila jambo, napita tunduni. Na siku hiyo usinifuate, utanibabaisha."

Yeye anamjua mke wake. Huyu si mtu wa kutishia nyau. Tangu siku ile usingizi ukawa wa kuazima, na miguu ikazidi kutotulia. Muswada aliuandika akiwa wima, karatasi juu ya kabati la vyombo. "Kila daraja la waenda kwa miguu litakuwa na kivuko cha chini chenye taa, au njia ya mteremko isiyo na ngazi." Binti wakili aliusoma akamwambia, "Babu, umeandika 'litakuwa', hukuandika 'linaweza kuwa'. Usikubali mtu akubadilishie neno hilo." Akalirudia njia nzima ya kurudi nyumbani: litakuwa, litakuwa.

Alhamisi ikafika. Spika akagonga meza kwa rula. "Namwita Mheshimiwa mwenye hoja ya kwanza."

Mzee Upepo alisimama, ingawa kusema kweli alikuwa amesimama tangu dua ya kufungulia kikao. Akasoma muswada wake tangu juu hadi chini, hakukosea hata herufi. Akapiga hatua nne hadi meza ya Spika, akaiweka karatasi mbele yake, akainyoosha kwa vidole viwili, akainamisha kichwa.

"Ni hilo tu, mkuu. Samahani kwa usumbufu."

Akageuka, akatoka, akafunga mlango taratibu usipige kelele.

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za nje, karibu na sanduku la kurudishia vitabu, aliposikia kicheko kimelipuka nyuma yake kama sufuria zimeanguka. Ndipo akajitazama mikono. Mitupu. Akajishika kichwa. "Ewe mtu! Mimi si ndiye mbunge?"

Aliporudi, Spika alikuwa hajacheka. "Mheshimiwa," alisema, "hoja hutolewa kwa kusema 'naomba kutoa hoja', na anayeunga mkono husimama akasema 'naafiki'. Wewe umeomba radhi. Radhi tumekupa. Hoja hatujaipata. Na mtoa hoja akitoka ukumbini, jambo lake limeanguka."

"Mwalimu, mi..."

"Spika."

"Mheshimiwa Spika, ni mazoea ya..."

"Limeanguka, Mheshimiwa. Kaa."

Na siku hiyo alikaa. Mbele ya macho yake aliliona tundu la uzio, na fimbo ikitangulia.

Jirani yake alikuwa Fundi Bomba, mzee wa kuziba mabomba yanayovuja, mwenye kidole kimoja pungufu na maneno zaidi ya mahitaji. Akanong'ona, "Miaka yote hiyo unawapelekea wakubwa shida za watu, leo umeipeleka ya kwako ukaikimbia?"

"Niache, Fundi."

"Sikuachi. Hebu lete kijitabu cha kanuni." Akalowesha kidole, akafunua, akafunua, akasimama. "Mheshimiwa Spika, kuhusu utaratibu! Kanuni ya kumi na tisa. Jambo lililoanguka bila kujadiliwa linaweza kuwekwa kiporo mpaka mwisho wa orodha, ukumbi ukiridhia."

"Hakuna neno 'kiporo' kwenye kanuni."

"Neno silo, Mheshimiwa Spika, ila maana ndiyo hiyo. Limelala, tulipashe moto."

Wazee wakapiga meza. Spika akasoma kanuni mara mbili, miwani ikishuka na kupanda, akauliza ukumbi, na ukumbi ukaridhia kwa kelele. Lakini dakika zake kumi za kutetea hoja zikawa tano.

Kungoja ndiko kulikomtesa. Muswada wa pili ulikuwa wa taa za mitaani, wa tatu wa vyoo sokoni, yote mambo mema yenye wasemaji wazuri. Yeye alikunja karatasi, akaikunjua, akainuka, akaketi, mpaka mama mmoja wa nyuma akamwuliza, "Mheshimiwa, una siafu?"

Alipoitwa tena, hakusoma. Aliishika karatasi bila kuitazama.

"Mheshimiwa Spika, mke wangu anataka kupita tunduni." Akaeleza habari ya uzio, ya fimbo, ya mdogo mtu anayelala ubavu mmoja kutwa kwa kukosa wa kumgeuza. Sauti ilimpanda na kushuka, mara mbili akapotea, mara moja akamtaja marehemu mama mkwe wake bila sababu. "Amenipa mpaka leo. Bunge likifungwa leo bila jambo, kesho anavuka. Mimi namjua. Sitaki kuambiwa daraja linaweza kuwa na njia. Litakuwa na njia." Akashika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, asije akaenda mahali. "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja."

"Naafiki!" Fundi Bomba alikuwa ameruka kabla neno halijaisha.

Dereva wa malori mstaafu akainuka kupinga. "Ukiweka taa pale, foleni itafika mpaka kwa babu yake nani."

"Mheshimiwa," mzee akamjibu, "umeendesha miaka mingapi?"

"Arobaini kasoro."

"Ukimwona bibi kizee barabarani, ulikuwa unafanya nini?"

Dereva akakuna kidevu. "Nasimama, bwana. Sasa ningefanya nini?"

"Basi taa itafanya hivyohivyo."

Mikono ikahesabiwa saa nane mchana. Taa za mitaani kumi na moja, vyoo kumi na tatu, daraja kumi na sita. Binti wakili akampa barua ya halmashauri palepale: Jumanne saa tatu asubuhi, kamati ya ujenzi, mwenye muswada afike na shahidi mmoja. Bunge likafungwa.

Mzee hakwenda nyumbani, alipeperuka. Alimkuta mkewe mlangoni, viatu vya kutokea miguuni, fimbo mapajani. Akamweleza yote, hata ya kutoka ukumbini, na bibie akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa gauni.

"Na shahidi ni nani?"

"Ni wewe."

Kicheko kikamtoka usoni polepole. "Ofisi ya hiyo kamati iko upande gani?"

Mzee aliijua vizuri. Miaka thelathini na mmoja ameingia na kutoka ofisi ile. Iko ng'ambo ya daraja, ghorofa ya tatu, na lifti yake ilikuwa na kibao cha MBOVU tangu hajastaafu.

"Unaona sasa," alisema bibie, akaanza kujiinua.

"Ngoja! Keti kwanza, nakuomba." Akakitoa mfukoni kijitabu cha kanuni za halmashauri walichogawiwa na wakili, akakipekua akizunguka meza, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka bibie akasema anamtia kizunguzungu. "Hii hapa. 'Kamati inaweza kukutana mahali popote ndani ya mji itakapoona inafaa.' Popote!"

"Hilo 'inaweza' si ndilo ulilokatazwa?"

"Safari hii ni letu."

Akaandika pale juu ya kabati, kwamba shahidi hawezi kupanda, kwa hiyo kamati ije imsikilize chini ya daraja, upande wa huku. Ilikuwa saa tisa, masijala hufunga saa tisa na nusu. Akazipanda zile ngazi mbili mbili na umri wake huo, akashuka ng'ambo, na safari hii alipoweka karatasi mezani hakubanduka. Karani akamtazama, naye akamtazama karani. Dakika zikapita. Mwishowe karani akaingia ndani, akarudi na karatasi ina muhuri, na mwandiko wa katibu wa kamati chini yake: Kamati itafika Jumanne saa tatu. Viti mje navyo.

Mkewe aliisoma akiwa ameinyoosha mbali na macho.

"Viti tutawapa," alisema. "Ila mwambie katibu wasije na gari. Waje kwa daraja."

"Nitamwambia kesho asubuhi."

"Basi mpaka Jumanne." Akavua kiatu kimoja. "Jumatano usiniulize."