Salfa ni ya Mikorosho

Siku ya kwanza kazini nilifukuzwa mara mbili kabla ya saa sita mchana. Lilikuwa duka la dawa la Bi Somoe, pale Nachingwea, nyuma ya soko. Yeye nesi mstaafu, mimi nimetoka kidato cha nne na mdomo tu. Kwanza nilimwambia mteja kwamba mguu wake unatisha. Halafu nikabishana na Bi Somoe mbele za watu. "Toka!" Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi nimenuna, mpaka aliponiita nibebe maboksi. Ndiyo ikawa ajira yenyewe.

Nyie mnaochukua duka wiki hii msinicheke nikijiita mstaafu nami nina miaka thelathini na mbili. Kwenye kaunta miaka inakwenda mbio.

Kazi nilijifundisha mwenyewe. Kila boksi la dawa lina karatasi ndani, wateja wanaitupa, mimi naiokota naisoma. Nikajua choa, lile duara linalowasha lenye ukingo uliovimba, ni fangasi, yaani ukungu unaoishi kwenye ngozi ya juu. Nikajua mapunye ya kichwani hayaishi kwa kupaka, yanataka vidonge, na vidonge anaandika mganga wa zahanati. Klotrimazoli, ile krimu nyeupe, unapaka mara mbili kwa siku kwenye ngozi iliyooshwa ikakauka vizuri, unavuka kidogo ukingo wa choa. Kuwasha kukiisha usiache, na hata alama zikipotea unaendelea wiki mbili. Wengi wanaacha mapema, choa linarudi, halafu wanasema dawa feki. Hapo nilikuwa nawaka!

Bi Somoe akanilipia kozi ya watoa dawa, kisha akafungua duka la pili Ruangwa akaniweka huko. Yeye alikuwa anakuja kila Alhamisi.

Ndipo akaja Mzee Nangonga wa Mbekenyera, choa limemzunguka kiuno kama mkanda. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga, ukungu unaokausha maua yake. Nikampa krimu, nikamweleza, kisha nikataka kuonekana msomi.

"Mzee, hili choa ni ndugu yake ubwiriunga wa mikorosho. Wote ukungu."

"Kumbe!" akasema, akaondoka anatikisa kichwa.

Alhamisi iliyofuata akarudi anatembea miguu imeachana, shati kalishika lisiguse kiuno. Watu wamejaa dukani. "Dawa yenu imeniunguza! Naenda kwa mkaguzi, lifungwe hili duka!"

Ngozi imechubuka, nyekundu, inatoa maji. Mimi badala ya kumwonea huruma nikapandwa na hasira. "Mzee usituchafulie jina! Duka hili halijawahi kuuza dawa mbovu! Hiyo umenunua kwingine!" Namtetea Bi Somoe, si mnajua. Nilikuwa tayari kupigana.

"We Shaibu, funga mdomo." Bi Somoe akasogea karibu na mzee, akanusa. "Baba, shikamoo. Umetoka shamba?"

"Marahaba. Natoka shamba."

"Umepuliza salfa?"

"Nimepuliza."

"Na mwilini?"

Mzee akanitazama. "Kijana wako kasema ni ndugu yake ubwiriunga. Mimi ubwiriunga nautibu miaka yote. Nikaichanganya salfa na krimu yenu, nikapaka, nikafunga kitambaa."

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani niingie chini ya kaunta. Nikasubiri Bi Somoe anitaje, anifukuze mara ya tatu, safari hii kweli.

Akasema, "Duka ni langu, kosa ni langu. Nisamehe, baba." Akamwosha kwa maji mengi safi, akasimamisha kila cha kupaka, akampandisha bodaboda mpaka kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Mganga akatibu kwanza kuungua. "Choa halitakimbia," alisema, "ngozi ipone kwanza." Mimi nikapewa adhabu ya kwenda Mbekenyera kila wiki kumtazama, na kila wiki mzee ananipokea, "Karibu, ndugu yake ubwiriunga." Nameza tu.

Ngozi ikafunga. Akaanza krimu upya, krimu peke yake. Siku moja akaingia dukani, akafunua shati mbele ya kina mama bila aibu. "Tazama! Safi!" Mkaguzi hakuitwa.

Tangu siku ile Bi Somoe aliweka sheria: mteja haondoki mpaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe atakachokifanya nyumbani, hata kwa Kimwera. Mtu akimsema vibaya yule mama mbele yangu, hata leo, tutagombana.

Sasa miguu yake imechoka, ameuza maduka, na mimi narudi kwetu Naipingo kulima ufuta. Nimepumua. Miaka yote niliyobaki pale hakuungua mtu mwingine kwa mdomo wangu.

Jana alikuja Mzee Nangonga. Mkewe ana fangasi katikati ya vidole vya miguu. Nikampa krimu, nikamweleza, nikageuka kufunga boksi. Sikusikia akiondoka. Nikageuka, bado amesimama.

"Hujaniuliza, Shaibu."

"Haya mzee. Utamwambiaje mama?"

"Aoshe, akaushe mpaka katikati ya vidole, apake mara mbili. Kuwasha kukiisha asiache."

"Na salfa?"

"Salfa," akasema, akichukua kofia yake, "ni ya mikorosho."